SHATI MOJA, KAZI NGAPI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii huwa tunaitumia kumsuta mtu mvivu, lakini mimi naona yaweza kuambiwa hata nchi nzima. Nchi inayongoja nguo zilizoshonwa na wengine na viatu vilivyotengenezwa na wengine, itawapa vijana wake kazi gani? Swali hili ndilo lililonifanya nishike kalamu mwaka huu. Walimu wetu waheshimiwa na wanafunzi wenzangu, naomba mnivumilie niwaeleze jinsi kazi nzuri zinavyozaliwa, jinsi zinavyokufa, na jinsi uchumi wa taifa unavyokua au kudumaa pamoja nazo. Nitatumia mfano wa kitu ambacho kila mmoja wetu amekivaa leo, nacho ni shati la shule.

Kwanza tuangalie hali ilivyo. Mwaka 2024 watahiniwa zaidi ya 960,000 walifanya mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya. Mwaka huo huo, kwa mujibu wa takwimu za serikali, nafasi mpya za kazi zilizopatikana nchini zilikuwa karibu 782,000. Mtu akisikia hivyo atasema, "Kumbe si mbaya!" Lakini hebu ngoja kidogo. Takriban nafasi 9 kati ya kila 10 zilikuwa za jua kali, yaani kuuza mboga, kuendesha bodaboda, kuchomelea vyuma kando ya barabara na mengine kama hayo. Zile za kuajiriwa rasmi, mtu akapewa barua na mshahara wa kila mwezi, hazikufika 100,000. Basi fanya hesabu wewe mwenyewe, uone ni wangapi kati yetu watakaopata nafasi hizo.

Sisemi kwamba jua kali ni kazi ya kudharauliwa. La hasha! Wengi wetu tumelipiwa karo na jua kali. Hata wasomi wa dunia walijifunza kutoka kwa mafundi wetu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza ulimwenguni kote wazo la "sekta isiyo rasmi". Taabu ni kwamba wengi walio huko hawakuchagua. Waliingia kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa, na siku mvua ikinyesha au mtu akiugua, hakuna cha kupeleka nyumbani.

KAZI NZURI NI IPI?

Watu wengi hudhani kazi nzuri ni ile ya kukaa ofisini, ukavaa tai na kuzungushwa kwenye kiti. Si hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya kupata malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia. Kazi nzuri ni ile inayomlipa mtu kiasi cha kutosha kula, kulipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto. Ni ile ambayo haimkati vidole wala kumharibu mapafu. Aidha, ni ile inayomfundisha mtu ufundi, kiasi kwamba baada ya miaka mitano anajua jambo ambalo hakulijua alipoingia. Kazi ya namna hiyo yaweza kuwa kiwandani, shambani, hospitalini au hata kwenye karakana ya jua kali.

Sasa tuje kwenye shati letu.

SAFARI YA PAMBA

Shati la pamba huanzia shambani. Hapa Kenya pamba humea vizuri sehemu zenye joto, kama vile Busia, Siaya na Homa Bay, bonde la Kerio, Kitui, Makueni, Tharaka, Kilifi, Lamu na kando ya Mto Tana. Mkulima hupanda, hupalilia, hupiga dawa ya wadudu, kisha huchuma kwa mkono. Pamba aliyochuma bado ina mbegu ndani. Hupelekwa kwenye kiwanda cha kuchambulia, na hapo mbegu hutengwa na nyuzi. Kilo 1 ya pamba yenye mbegu hutoa takriban theluthi moja tu ya nyuzi. Mbegu nazo hazitupwi. Hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yanayobaki hulishwa ng'ombe.

Kutoka hapo nyuzi hupelekwa kwenye kiwanda cha kusokota, zikawa uzi. Uzi ukaenda kwenye mitambo ya kufuma, ukawa kitambaa. Kitambaa kikafuliwa, kikatiwa rangi. Kisha kuna wenye kukata, wenye kushona, wenye kutia vifungo, wenye kupiga pasi na wenye kukagua. Baada ya hapo kuna dereva wa lori, mwenye duka, mwenye kuandika hesabu, na fundi wa kutengeneza mitambo inapoharibika. Isitoshe, kuna mama anayewapikia wafanyakazi hao githeri saa saba mchana nje ya lango la kiwanda.

Hebu hesabu kazi hizo. Mimi nilipohesabu nilipita 12 kabla ya kumfikia mwenye duka. Na angalia pesa zinavyoongezeka njiani. Kilo 1 ya pamba mkulima huiuza kwa makumi ya shilingi. Kilo hiyo hiyo ikishasokotwa, ikafumwa na kushonwa, yaweza kutoa shati moja, na shati la shule tunalinunua kwa mamia ya shilingi. Tofauti iliyo katikati ndiyo mishahara ya watu, gharama za stima na usafiri, faida ya wenye viwanda na ushuru wa serikali. Nchi ikiuza pamba ghafi na kununua shati lililo tayari, tofauti yote hiyo inakwenda kwa wageni. Nchi ikiifanya kazi hiyo hapa nyumbani, pesa zinazunguka hapa. Mshonaji akilipwa, ananunua unga. Mwenye duka la unga anamlipa mkulima wa mahindi. Mkulima anamlipia mtoto karo. Shule inamwajiri mwalimu. Hivyo ndivyo uchumi wa nchi unavyokua, wanafunzi wenzangu. Chanda na pete.

VIWANDA VYETU VILIKWENDA WAPI?

Kuna wanaodhani kwamba Kenya haikuwahi kuwa na viwanda hivyo. Ilikuwa navyo, tena vya haja. Kisumu kulikuwa na Kicomi. Eldoret kulikuwa na Rivatex, kilichoanzishwa mwaka 1976. Thika na Nanyuki pia walifuma nguo. Wazee husimulia kwamba wakati huo king'ora cha kiwanda kilipolia, mji mzima ulijua ni saa ngapi.

Halafu mambo yakaharibika. Mapema miaka ya 1990 serikali ilifungua soko, bidhaa za nje zikaingia kwa wingi, na miongoni mwake yakawa marobota ya mitumba. Kiwanda kimoja baada ya kingine kikafunga milango. Rivatex chenyewe, kufikia mwaka 2000, kilikuwa kimenyamaza.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa walioonja uchungu huo. Alikuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo, ambacho sitakitaja jina. Kwa mshahara wake aliwasomesha dada zake wawili. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi walirudi nyumbani bila mishahara ya miezi kadhaa, na mpaka leo mjomba hajalipwa. Mmoja wa dada zake hao ni mama yangu mzazi. Aliacha shule akiwa kidato cha pili. Mama hushona nguo kwa cherehani yake barazani, na kila nikileta ripoti ya muhula huisoma yote, hata maoni ya mwalimu wa michezo. Basi mtu akisema "kiwanda kilifungwa", mimi naelewa kwamba si paa na kuta tu zilizofungwa.

Je, ni mitumba peke yake iliyoua viwanda? Wengi husema hivyo, lakini nilipochunguza niliona sababu ni nyingi, nazo zilishikana mikono.

Kwanza, mkulima alivunjwa moyo. Pamba yake ilichukuliwa kwa mkopo, akangoja malipo miezi na miezi. Mtu akifanyiwa hivyo msimu wa kwanza na wa pili, msimu wa tatu atapanda mahindi. Pamba ikawa haba, na kiwanda bila pamba ni ghala tu.

Pili, mitambo ilizeeka na stima ilikuwa ghali. Kitambaa cha hapa kikawa na bei ya juu kuliko cha kutoka Asia.

Tatu, baadhi ya viwanda viliendeshwa vibaya. Madeni yalilimbikizwa, na vyeo vikapewa watu kwa kujuana.

Nne, soko lilifunguliwa kwa ghafla mno, na kuna bidhaa zilizopenyezwa bila kulipa ushuru. Mtoto hafundishwi kuogelea kwa kutupwa katikati ya ziwa.

JARIBIO LA PILI: KUSHONEA WAGENI

Serikali haikukaa tu. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, yale tunayoyajua kwa jina la EPZ, na eneo maarufu zaidi likawa Athi River. Mwekezaji aliyekuja alisamehewa kodi ya faida kwa miaka 10. Kisha Mei 2000 Marekani ikapitisha sheria iitwayo AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka nchi nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Maelfu ya vijana, hasa wasichana, wakapata kazi ya kushona suruali na mashati ya kuvaliwa ng'ambo.

Jambo hili lilikuwa jema, nami silibezi. Lakini kulikuwa na mapungufu mawili.

La kwanza ni kwamba sheria hiyo ilikubali nguo zishonwe kwa kitambaa kilichonunuliwa popote. Viwanda vingi vikaleta kitambaa kutoka Asia, vikakikata na kukishona hapa, vikakisafirisha. Katika ile safari ndefu ya pamba, sisi tukabaki na sehemu ya sindano. Mkulima wa Busia hakuuza hata kilo moja zaidi kwa sababu ya suruali hizo.

La pili linahusu wafanyakazi wenyewe. Januari 2003, wiki chache baada ya serikali mpya kuingia, wafanyakazi wa viwanda vya EPZ waligoma kwa wingi wakidai mishahara bora na mazingira yanayofaa. Mgomo huo ulionyesha kwamba kuhesabu nafasi za kazi hakutoshi. Lazima tuulize pia kazi zenyewe ni za namna gani.

Tena, mlango wa soko hilo ulikuwa mikononi mwa mwingine. Mwaka 2015 AGOA iliongezwa muda wa miaka 10, hadi Septemba 2025, na kadiri mwisho ulivyokaribia ndivyo wenye viwanda na washonaji walivyokosa usingizi. Na mnakumbuka yaliyotokea kuhusu mitumba? Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hadi iishe kabisa. Marekani ikasema kwamba nchi itakayofanya hivyo huenda ikapoteza nafasi yake katika AGOA. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika ruhusa hiyo. Ukiona hayo utaelewa kwa nini nilianza na ile methali ya mtegemea cha nduguye.

NA MITUMBA JE?

Hapa ndipo mjadala huwaka moto katika chama chetu. Mwanachama mmoja alisema mitumba ipigwe marufuku kesho asubuhi. Nilimwendea mjomba nikamuuliza maoni yake, kwa kuwa siku hizi yeye mwenyewe anauza mitumba sokoni. Alicheka, kisha akaniambia, "Mwanangu, ukinifungia kibanda leo, na kiwanda hujakifungua, jioni nitawaambia nini watoto? Nifungulieni kiwanda kwanza. Mimi mwenyewe nitakiacha hiki kibanda bila kusukumwa na askari."

Nadhani mzee ana hoja. Maelfu ya watu hula kwa mitumba, kuanzia Gikomba hadi Kongowea, na mwenye mfuko mwepesi huvaa vizuri kwa bei nafuu. Anayetaka kuondoa kazi mbaya hana budi kuleta iliyo bora kwanza.

TUNAWEZA KUJIFUNZA KWA NANI?

Tuangalie kisiwa cha Mauritius. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1968 ilitegemea zaidi miwa na sukari, na vijana wengi hawakuwa na kazi. Mwaka 1970 ilitunga sheria ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, ikaanza kushona nguo. Miaka ya 1980 ajira zikafurika. Mishahara ilipopanda na kushona kukawa hakuna faida kubwa kama zamani, hawakulala. Walijitwalia utalii, benki na kazi nyingine zinazohitaji elimu.

Jambo lililonishangaza ni hili: Mauritius haina mashamba ya pamba. Sisi tunayo. Ni wazi basi kwamba mali ghafi peke yake haimtoshi mtu. Kilichowafaa wenzetu ni kushikilia mpango mmoja kwa miaka mingi bila kuyumba, na kuwasomesha vijana wao ili kazi zinapobadilika wawe tayari.

TUFANYE NINI?

Maoni yangu ni haya.

Mosi, mkulima alipwe siku anayopeleka pamba yake, au wiki hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha Rivatex mwaka 2007, na baada ya kuwekewa mitambo mipya kikafunguliwa upya mwaka 2019. Malalamiko makubwa yaliyosikika baada ya hapo yalikuwa uhaba wa pamba. Mitambo mipya ikikosa pamba, tumerudi pale pale.

Pili, kaunti zetu 47 zisishindane kujenga majengo ya kukatwa utepe tu. Kaunti inayolima pamba ikiwa na mahali pa kuichambua na kukamua mbegu, kijana wa huko hatalazimika kupanda basi kwenda Nairobi kutafuta kibarua.

Tatu, serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa. Polisi, wanajeshi, wauguzi na walinzi wa misitu wote huvaa sare. Sare hizo zikifumwa na kushonwa hapa, kiwanda kitakuwa na mteja wa uhakika hata soko la ng'ambo likifungwa.

Nne, sheria za kazi zifuatwe. Mwenye kiwanda akipata msamaha wa kodi, mshonaji naye apate mshahara unaomtosha na kinga ya afya yake.

Tano, na hili latuhusu sisi, tuache kuvidharau vyuo vya ufundi. Nchi ikifungua viwanda 10 na haina wa kuitengeneza mitambo, mafundi wataletwa kutoka nje, na kazi nzuri kuliko zote zitakwenda kwao. Darasani kwetu mtu akisema anataka kuwa fundi wa mitambo, wengine huangua kicheko. Tukicheka hivyo, tujue tunajicheka wenyewe.

Aidha, napendekeza jambo dogo kwa shule yetu. Kamati inayonunua sare iwaulize wauzaji swali moja tu: kitambaa hiki kimefumwa wapi? Nguo ikipatikana iliyofumwa nchini, kwa bei isiyowaumiza wazazi, tuichague hiyo, na kazi ya kushona wapewe mafundi wa mtaani mwetu. Sisi ni mamia hapa shuleni, na kila mwaka kidato cha kwanza huja na mahitaji mapya. Hiyo ni kazi ya miezi kadhaa kwa watu walio jirani zetu.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawakumbusha wenzangu wa kidato cha nne kwamba mwaka ujao, wakati kama huu, mtakuwa nje ya lango hili. Wengine mtakwenda vyuoni, wengine mtatafuta kazi, na wengine mtaanzisha zenu. Popote mtakapokuwa, mkipata nafasi ya kuongeza hatua moja ya kazi katika kitu kinachotoka hapa nchini, iwe ni pamba, ngozi, maziwa au maembe, iongezeni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye maoni tofauti na yangu namkaribisha kwenye mjadala wa chama, siku ya Alhamisi baada ya masomo.